Mikan 15, wenzake 3: namna ya kusoma takwimu za mechi za kikapu za enzi za mwanzo

Tarehe 22 Novemba 1950, ndani ya Minneapolis Auditorium, watu 7,021 walitazama mechi ya NBA iliyoisha kwa 19–18. Hiyo haikuwa robo ya kwanza. Ni mechi nzima, dakika 48. Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers, mabingwa watetezi, ugenini. Katika pointi 18 za Lakers, George Mikan alifunga 15.

Mtu akikutana na jedwali la mechi hiyo kwenye simu, kwanza hudhani kuna tarakimu imedondoka. Akihakikishiwa kwamba namba ni sahihi, hukimbilia kusema Mikan alikuwa mchoyo wa mpira. Dhana zote mbili zinatoka kwenye kosa moja: kusoma jedwali la 1950 kwa macho ya leo. Mwongozo huu ni wa yule anayependa kufukua mechi za zamani, akabishana kijiweni, akaandika makala, au akajaza faili lake la takwimu bila kujidanganya. Unahitaji kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu, basi.

Hatua ya 1: Jua ligi na tarehe kabla ya jina la mchezaji

Kikapu cha kulipwa Marekani hakikuanza na NBA. Ligi ya NBL ilikuwapo tangu 1937, timu zake nyingi zikitoka miji ya viwanda ya kati mwa nchi. Juni 1946 wenye kumbi kubwa za miji walianzisha BAA, na mechi yake ya kwanza ikachezwa Toronto, Kanada, tarehe 1 Novemba mwaka huohuo. Ligi hizo mbili ziliungana Agosti 1949, ndipo jina NBA likazaliwa.

Hapo kuna mtego. NBA inahesabu historia yake kuanzia BAA ya 1946, lakini haihesabu takwimu za NBL. Ndiyo maana utamkuta Mikan ana pointi 10,156 mahali pamoja na 11,764 pengine. Hakuna aliyekosea. Hesabu ya pili imeongeza pointi 1,608 alizofunga NBL katika misimu miwili kabla timu yake haijahamia BAA. Ukikuta chanzo kinachochanganya bila kusema, usikitupe, ila andika pembeni kabisa ni ligi zipi zimejumlishwa.

Hatua ya 2: Zitambue safu chache zilizopo

Jedwali la gazeti la miaka ya 1940 ni jembamba kama risiti ya duka. Jina la mchezaji, kisha herufi FG, yaani vikapu vilivyoingia wakati mpira ukichezwa. Kisha FT, mitupo huru iliyoingia, ile ya pointi moja inayotolewa baada ya faulo. Mara nyingine pana namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 7-11: saba zimeingia kati ya mitupo kumi na moja. Kisha PF, faulo za mchezaji, na TP, jumla ya pointi. Chini kabisa jumla za timu, alama za kila robo, na majina ya marefa.

Angalia vizuri safu ya mitupo huru. Baadhi ya magazeti yaliandika iliyoingia, mengine yakaandika iliyokosa. Hutajua kwa kutazama tu. Hesabu ya hatua inayofuata ndiyo itakayokuambia.

Hatua ya 3: Piga hesabu mwenyewe

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo wengi wanairuka.

Kwenye mechi za zamani za ligi hizi kila kapu lilikuwa na pointi mbili. Pointi tatu, za kapu la kutoka mbali, ziliingia NBA msimu wa 1979–80. Kwa hiyo kanuni ni moja tu: vikapu mara mbili, ongeza mitupo huru iliyoingia, upate pointi. Isipotimia, kuna mahali pamekosewa. (Ukishughulika na ABA, ligi iliyoanza kucheza 1967, kanuni hii haitoshi, kwa sababu wao walikuwa na pointi tatu tangu mwanzo.)

Mjaribu Mikan wa usiku ule. Vikapu 4, mitupo huru 7. Nne mara mbili ni 8, ongeza 7, ni 15. Imetimia. Sasa ichukue timu nzima ya Lakers: vikapu 4, mitupo huru 10. Nane na kumi ni 18. Imetimia pia.

Usiishie hapo. Toa za Mikan kwenye za timu. Vikapu: 4 toa 4, ni sifuri. Mitupo huru: 10 toa 7, ni 3. Maana yake hakuna mchezaji mwingine wa Lakers aliyefunga hata kapu moja mpira ukichezwa, kwa dakika 48. Pointi zao tatu zote zilitoka kwenye mstari wa mitupo huru. Hujasoma habari yoyote ya gazeti, umetoa namba mbili tu, na tayari mechi imeanza kukusimulia. Pistons nao walikuwa na vikapu 4 na mitupo huru 11, ndiyo 19 zao. Aliyewaongoza, John Oldham, alikuwa na pointi 5.

Zoezi la pili, ili mkono uzoee. Joe Fulks wa Philadelphia Warriors alimaliza msimu wa 1946–47 akiwa kinara wa wafungaji: vikapu 475, mitupo huru 439, pointi 1,389 katika mechi 60. Mara mbili ya 475 ni 950, ongeza 439, ni 1,389. Gawa kwa 60, unapata 23.2. Tarehe 10 Februari 1949 huyohuyo alifunga pointi 63 dhidi ya Indianapolis Jets kwa vikapu 27 na mitupo huru 9. Hesabu mwenyewe. Halafu hesabu na ile ya Wilt Chamberlain ya 2 Machi 1962 kule Hershey, vikapu 36 na mitupo huru 28.

Baada ya mchezaji mmojammoja, shuka chini. Jumla ya safu ya pointi ya wachezaji wote ilingane na alama ya mwisho ya timu, na alama za robo nne zijumlike kufika palepale. Mambo matatu yakikubaliana, tulia. Yakikataana, kwa kawaida kosa liko kwenye safu ya mchezaji, maana alama ya mwisho iliandikwa ubaoni mbele ya maelfu ya watu, ila kapu la mtu mmoja liliandikwa na karani mmoja aliyeinamisha kichwa.

Nalisema hili kwa uzoefu. Niliwahi kukaa meza ya matokeo kwenye bonanza la mtaani, kalamu mkononi, na mwisho wa mechi jumla yangu ilikuwa 51 wakati ubao unasema 53. Nilirudi nyuma robo kwa robo hadi nikakuta kapu la jezi namba 14 lililofutwa nusu, kwa sababu nilianza kumwandikia namba 4 na kidole kikapita juu ya wino mbichi. Namba 14 aliambiwa amefunga pointi 10 wakati alifunga 12. Hakunisamehe upesi. Sasa fikiria karani wa 1946, hana marudio ya video, mwandishi wa gazeti anamnong'oneza sikioni, na taarifa inasomwa kwa simu kwa mtu wa chumba cha habari asiyewajua wachezaji.

Hatua ya 4: Nafasi tupu si sifuri

Ukinakili jedwali la zamani kwenye faili la kisasa, utakuta safu za ribaundi (kudaka mpira uliokosa kapu), asisti (pasi inayozaa kapu), kuzuia mitupo, kupora mipira, dakika. Kishawishi ni kujaza sifuri. Usithubutu.

NBA ilianza kuweka ribaundi rasmi msimu wa 1950–51, na dakika za kila mchezaji msimu uliofuata. Asisti zilikuwapo tangu 1946–47, ila zilitolewa kwa ubahili: kinara wa msimu huo, Ernie Calverley wa Providence Steamrollers, alikuwa na wastani wa 3.4 kwa mechi. Leo gadi wa akiba anapata hizo. Mitupo iliyozuiwa na mipira iliyoporwa haikuhesabiwa hadi 1973–74, msimu uleule ribaundi za kushambulia zilipotenganishwa na za kulinda. Mipira aliyopoteza mchezaji mmojammoja ilianza kuandikwa 1977–78.

Sisi huku tuna sababu ya kulielewa hili haraka. Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA wa 2009, na Memphis Grizzlies, sifa yake kubwa ikiwa kuzuia mitupo alipokuwa chuo cha Connecticut. Dikembe Mutombo wa Kongo alimaliza na mitupo 3,289 aliyozuia, wa pili katika historia iliyoandikwa ya NBA, nyuma ya Hakeem Olajuwon mwenye 3,830. Sisitiza neno “iliyoandikwa”. Bill Russell na Chamberlain walicheza kabla safu hiyo haijakuwapo, kwa hiyo rasmi hawana hata mmoja. Sijawahi kusikia mtu mwenye akili zake akidai Russell hakuzuia mtupo. Mutombo angecheza 1950, kwa kazi yake ya ulinzi jedwali lingembakizia ribaundi na faulo tu.

Kwa hiyo pale pasipoandikwa kitu, weka kistari au acha wazi. Ukiweka sifuri, siku utakapoiambia kompyuta itafute wastani, sifuri zako zitaingia kwenye hesabu kimyakimya na kumshusha mtu asiye na hatia.

Hatua ya 5: Ziweke namba ndani ya sheria za siku hiyo

Turudi Minneapolis. Kwa nini 19–18? Kwa sababu hakukuwa na saa ya mtupo. Timu ikishika mpira, ilikuwa na haki ya kuushika hadi ichoke. Kocha wa Pistons, Murray Mendenhall, alijua kwamba akicheza mbio na Mikan, mtu mrefu kuliko wote uwanjani, atafungwa. Akawaambia vijana wake waukalie mpira. Wakaukalia, mashabiki wakazomea. Timu zote mbili kwa pamoja zilijaribu mitupo 31 tu mpira ukichezwa: Lakers 18, Pistons 13. Robo ya nne ilikuwa na pointi nne jumla, tatu za Pistons na moja ya Lakers, na Larry Foust ndiye aliyefunga kapu la ushindi zikiwa zimebaki sekunde chache.

Dawa ilikuja 1954. Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, alichukua sekunde zote za mechi, 2,880, akazigawa kwa mitupo 120 aliyoona inatosha kwa mechi ya kupendeza. Akapata 24, yaani sekunde ambazo timu inaruhusiwa kushika mpira kabla ya kutupa. Wastani wa pointi za timu ukaruka kutoka 79.5 msimu wa 1953–54 hadi 93.1 msimu uliofuata. Mpaka huu uchore kwa wino mwekundu kwenye daftari lako: kabla ya 1954 na baada ya 1954 ni michezo miwili yenye jina moja.

Kuna sheria nyingine za kukagua. Msimu wa kwanza wa BAA mchezaji alitolewa kwa faulo ya tano, si ya sita. Ukiona 5 kwenye safu ya PF ya 1946, huyo hakuponea chupuchupu, alitoka. Eneo la chini ya kapu lilikuwa na upana wa futi 6, na likapanuliwa kuwa 12 mwaka 1951, sababu kuu ikiwa Mikan huyohuyo. Ulinzi wa kugawana maeneo ulipigwa marufuku katikati ya msimu wa kwanza, Januari 1947.

Na asilimia zisikushtue. Msimu wa 1946–47 ligi nzima iliingiza asilimia 27.9 ya mitupo yake. Kinara wa usahihi, Bob Feerick wa Washington Capitols, alikuwa na 40.1. Fulks, mfungaji bora, aliingiza 475 kati ya 1,557, asilimia 30.5. Kwa kipimo cha leo angekaa benchi. Kwa kipimo cha siku zake alikuwa juu ya wastani huku akitupa kuliko mtu yeyote.

Hatua ya 6: Pima mchango kwa sehemu ya timu

Ukitaka kulinganisha enzi, acha pointi tupu, tumia sehemu. Gawa pointi za mchezaji kwa pointi za timu, zidisha kwa 100. Warriors wa 1946–47 walifunga wastani wa 68.6. Ukigawa 23.2 za Fulks kwa 68.6 unapata karibu asilimia 34. Mwaka 2023–24 kinara wa NBA alikuwa Luka Dončić mwenye 33.9, katika timu iliyofunga karibu 118 kwa mechi: asilimia 29 hivi. Mtu aliyeona 23.2 akacheka, hapo hunyamaza.

Ila kipimo hiki kitumie kwa msimu, au angalau kwa mechi za kawaida. Mikan ana asilimia 83 kwa mechi ile ya 19–18, na namba hiyo haina maana nyingine zaidi ya kwamba mechi yenyewe ilikuwa kituko.

Hatua ya 7: Hakiki majina

Majedwali ya zamani huandika jina la ukoo tu, na mara nyingi kwa tahajia ya mtu aliyelisikia kwenye simu. Stan Stutz wa New York Knicks aling'ara chuoni Rhode Island State akiitwa Modzelewski. Ukitafuta takwimu zake za chuo kwa jina la Stutz utadhani alitokea hewani. Wengine walibadili timu msimu ukiendelea: Ed Sadowski alianza 1946–47 akiwa mchezaji na kocha wa Toronto Huskies, akaumaliza Cleveland. Usimhesabu mara mbili.

Hatua ya 8: Weka jedwali kando ya simulizi ya mechi

Nitaionyesha kwa ile ya 1 Novemba 1946, Maple Leaf Gardens, Toronto. Knicks 68, Huskies 66, watazamaji 7,090. Waandaaji walitangaza kwamba yeyote aliyemzidi urefu George Nostrand, senta wa Huskies mwenye futi 6 na inchi 8, anaingia bure. Ossie Schectman wa Knicks alifunga kapu la kwanza, ambalo leo linahesabiwa kuwa la kwanza katika historia ya NBA. Alimaliza na pointi 11, Leo Gottlieb akawaongoza Knicks kwa 14, na Sadowski akawa mfungaji bora wa mechi kwa 18.

Ukiishia kwenye jedwali utasema: Sadowski alibeba timu, ikakosa kidogo tu. Sasa leta alama za mechi. Baada ya robo ya kwanza 16–12 kwa Knicks. Mapumziko 37–29. Baada ya robo ya tatu 48–44, Huskies mbele. Mwisho 68–66, Knicks.

Zibadili ziwe za kila robo. Knicks: 16, 21, 7, 24. Huskies: 12, 17, 19, 18. Jumla zinatimia, 68 na 66. Robo ya tatu inakurukia usoni: Huskies 19, Knicks 7. Hapo kila mtu angeapa ni Sadowski aliyewaka.

Simulizi inasema kinyume. Sadowski alipata faulo yake ya tano dakika tatu hivi baada ya mapumziko, akatoka. Aliyeingia ni Nostrand, yule wa kiingilio, naye ndiye aliyewatanguliza Huskies kwa mara ya kwanza, 44–43. Kwa hiyo timu ilifanya robo yake bora kabisa mfungaji wake mkuu akiwa amekaa kwa sehemu kubwa ya robo hiyo. Na hapo unapata kitu kingine ambacho jedwali halina: dakika. Robo mbili za kwanza ni dakika 24, ongeza tatu. Hata kama hakupumzika kabisa, Sadowski alifunga pointi zake 18 katika dakika zisizozidi 27 au karibu na hapo. Andika kwenye faili lako “hadi 27, makadirio”, usiandike 27 peke yake.

Mechi iliamuliwa katika dakika mbili na nusu za mwisho, kwa kapu la Dick Murphy na mtupo huru wa Tommy Byrnes. Kati ya Murphy na Byrnes hakuna aliyeongoza safu ya pointi usiku ule. Kwenye faili langu nimewawekea safu ya ziada upande wa kulia, nimeiita “maelezo”, na ndiyo ninayoifungua kwanza kila ninaporudi kwenye mechi hiyo.